TOFALI BICHI HALIBEBI TOFALI JINGINE

Khutba ya Ijumaa, Kalunguta
Mada: Namna somo jipya linavyoweza kuliondoa somo la jana

KHUTBA YA KWANZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mama yake hali hajui kitu, kisha akampa masikio, macho na moyo ili apate kujua na kushukuru. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, nakuusieni nanyi na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa dhahiri, misikitini na majumbani, katika mashamba yetu na katika biashara zetu. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuilinda amana. Leo tutazungumza juu ya amana moja ambayo wengi wetu tunaiharibu bila kujua: elimu mbichi iliyo kifuani mwa mtoto, na iliyo kifuani mwa ndugu yetu aliyesilimu karibuni.

Swali ni hili. Mtoto amesomeshwa sura Jumatatu, akaisoma vizuri mbele ya mwalimu bila kukosea. Jumanne akapewa sura ya pili. Jumatano anaulizwa ile ya Jumatatu, anabaki ameangalia chini. Kwa nini? Mmoja atasema mtoto ni mvivu. Mwingine atasema ana kichwa kigumu. Wa tatu atatafuta fimbo. Lakini ni wachache watakaojiuliza: je, sisi wakubwa tulilipa somo la Jumatatu nafasi ya kukaa kabla ya kulitwika somo la Jumanne?

MTOTO ALIYETUMWA DUKANI

Tuchukue mfano ulio karibu. Mama anamtuma mtoto dukani: lete sabuni, chumvi na mafuta ya mawese. Mtoto anakwenda huku akirudia kwa mdomo: sabuni, chumvi, mawese. Njiani mama yake mdogo anamwita: na mimi niletee sukari, majani ya chai na kibiriti. Akifika dukani, sukari anaikumbuka, chai anaikumbuka, kibiriti anakikumbuka. Vitu vya mama yake mzazi vimepotea, na huenda kimebaki kimoja tu.

Mtoto huyu si mjinga wala hakumdharau mama yake. Maneno ya pili yaliingia wakati ya kwanza hayajashika. Kama mama mdogo angemkuta anarudi, vitu viko mkononi, hakuna ambacho kingepotea.

Watu wazima nao ni hivyo hivyo. Mtu akibadilisha namba ya siri ya simu anayotumia kwa kutuma pesa, wiki ya kwanza ile ya zamani inamjia kidoleni. Baada ya mwezi, umuulize ile ya zamani, haijui tena. Mpya imekalia kiti chake. Wahenga walisema: mshika mbili, moja humponyoka.

WATAALAMU WALIVYOLICHUNGUZA JAMBO HILI

Jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1900, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, wataalamu wawili, Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker, waliandika matokeo ya majaribio yao. Waliwapa watu silabi zisizo na maana wazihifadhi. Baadhi ya nyakati, mara tu baada ya kuhifadhi, watu walipewa orodha nyingine. Nyakati nyingine waliachwa wapumzike. Ilionekana kwamba orodha ya pili ikifuata haraka, ya kwanza hukumbukwa kidogo kuliko pale mtu alipopumzika. Wakafahamu kwamba kitu kilichohifadhiwa hakishiki papo hapo. Kichwa kinaendelea kukifanyia kazi kwa muda baada ya mtu kufunga kitabu, na katika muda huo kitu kingine kinaweza kukivuruga.

Mwaka 1924, katika chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, Jenkins na Dallenbach waliwapima wanafunzi wawili. Walihifadhi silabi kumi kumi, kisha mara nyingine wakalala, mara nyingine wakaendelea na shughuli za mchana. Baada ya masaa 8 ya usingizi walikumbuka nyingi zaidi, kwa mbali sana, kuliko baada ya masaa 8 ya shughuli. Masaa ni yale yale. Kwa hiyo si muda peke yake unaosahaulisha. Yale yanayoingia ndani ya muda huo nayo yana nguvu yake.

Mwaka 1931 McGeoch na McDonald wakaongeza jambo la tatu. Waliwapa watu orodha ya maneno, kisha orodha ya pili. Orodha ya pili ilipokuwa na maneno yenye maana moja na ya kwanza, ndipo watu walipoisahau ya kwanza zaidi. Ilipokuwa ya namba tu, madhara yalikuwa madogo. Yaani kinachofanana ndicho kinachovuruga sana.

Na mwaka 2012 Michaela Dewar na wenzake huko Scotland waliwasomea watu wenye umri mkubwa hadithi mbili fupi. Baada ya hadithi moja, walikaa kimya dakika 10 ndani ya chumba chenye giza. Baada ya nyingine, walipewa mchezo mpya wa kutazama picha. Siku 7 baadaye, ile hadithi iliyofuatwa na utulivu ndiyo waliyoikumbuka zaidi. Dakika 10 tu, ndugu zangu!

Hapa Kalunguta, na njia yote ya kutoka Butembo mpaka Beni, sisi tunayajua matofali. Udongo unakandwa, unatiwa katika kalibu, unatolewa, tofali linalazwa chini likauke, linafunikwa majani mvua isilipige. Hakuna fundi anayelichukua tofali la asubuhi na kulipanga kwenye tanuru adhuhuri. Akifanya hivyo, la chini linabonyea na la juu linapinda. Anasubiri. Hakuna anayemwita mvivu kwa sababu amesubiri. Basi kwa nini tofali la udongo tulipe siku zake, na moyo wa mtoto tuunyime?

MWENYEZI MUNGU ALIVYOMFUNDISHA MTUME WAKE

Ndugu Waislamu, hatuhitaji kungoja wataalamu wa Ulaya na Marekani ili tufuate mwendo huu. Umo ndani ya dini yetu.

Qur'ani haikuteremshwa kwa Mtume (S.A.W.) siku moja. Iliteremka kwa muda wa miaka ipatayo 23. Makafiri wa Makka walilaumu: mbona haikuja yote kwa mara moja? Mwenyezi Mungu akawajibu katika Suratul Furqan, aya ya 32, kwamba ilikuwa hivyo ili moyo wa Mtume uthibitishwe kwayo. Na katika Suratul Israa, aya ya 106, tunafundishwa kwamba imegawanywa ili asomewe mtu kwa utaratibu, kituo baada ya kituo. Tuangalie jambo hili vizuri. Mpokeaji ni Mtume, mletaji ni Jibril (A.S.), Mwenye maneno ni Mola wa viumbe vyote, na bado ikaja kidogo kidogo. Sisi ni nani hata tumpe mtoto wa miaka saba ukurasa mzima kwa siku moja?

Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kwa kuogopa isimponyoke, alikuwa akiharakisha ulimi wake wakati wahyi unamjia. Katika Suratul Qiyama, aya ya 16 hadi 19, Mola wake alimkataza haraka hiyo, akamhakikishia kwamba kuikusanya kifuani mwake na kuibainisha ni juu Yake Yeye Mwenyezi Mungu. Na katika Surat Taha, aya ya 114, alikatazwa tena kuiharakia kabla haijamalizika kufunuliwa, na papo hapo akaamrishwa aombe kuzidishiwa elimu. Tazama mambo mawili yalivyokaa katika aya moja: usiharakishe, na omba uzidishiwe. Anayedhani kwamba subira ni adui wa elimu nyingi, basi aisome aya hiyo tena.

Masahaba nao walikwenda mwendo huo. Abu Abdurrahman as-Sulami, mmoja wa waliosoma kwa masahaba, amepokea kwamba walikuwa wakijifunza aya kumi, hawavuki kwenda nyingine mpaka wajue elimu iliyomo na kuitumia. Na Ibn Mas'ud (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akichagua siku za kuwapa mawaidha, hakuwapa kila wakati, kwa kuchelea kuwachosha. Na Anas (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa akilirudia neno mara tatu mpaka lifahamike.

Kisha tazameni marudio. Kila Ramadhani Jibril (A.S.) alikuwa akimjia Mtume wakirudia Qur'ani pamoja, na mwaka wa mwisho wa maisha yake waliirudia mara mbili. Na katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.), Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kuhifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa. Akiwaangalia, anao. Akiwaachia, wanakwenda zao. Hapa kwetu hatuna ngamia, lakini tuna mbuzi. Mtu aliyefunga mbuzi mmoja kwa kamba mbovu, akakimbilia sokoni kununua wa pili, jioni atarudi na mbuzi mmoja na kipande cha kamba.

AYA ZINAZOFANANA

Tumesema kwamba kinachofanana ndicho kinachovuruga zaidi. Walimu wa Qur'ani wamelijua hilo karne nyingi, na wanavyuoni wametunga vitabu juu ya aya zinazofanana ili kuwasaidia wanaohifadhi.

Chukua Suratul An'am, aya ya 151, na Suratul Israa, aya ya 31. Zote mbili zinakataza kuua watoto kwa sababu ya ufukara, na zote mbili zinaahidi riziki. Katika An'am, wazazi wametajwa kwanza katika kuruzukiwa, kisha watoto. Katika Israa, watoto wametajwa kwanza, kisha wazazi. Anayezihifadhi mbili hizi kwa pamoja bila kufahamu, ulimi wake utateleza kutoka moja kwenda nyingine. Lakini mwalimu akimweleza kwamba katika An'am wanasemeshwa watu ambao ufukara umekwisha wafika, kwa hiyo wao wametangulizwa, na katika Israa wanasemeshwa wanaohofia ufukara utakaokuja na watoto, kwa hiyo watoto wametangulizwa, basi kila aya imepata mlango wake. Maana ndiyo kamba inayozitenganisha.

Hata Suratul Kafirun, ambayo ni fupi, watoto wengi huizunguka wasijue wapi pa kutokea, kwa sababu aya zake zinafanana. Asipigwe mtoto hapo. Asimamishwe, aonyeshwe tofauti, arudie taratibu.

Na jambo hili si la madrasa peke yake. Sisi watu wa upande huu tuliishi na Ebola tangu ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2287 walikufa, na zone ya afya ya Kalunguta ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Tulifundishwa mambo mengi mapya: kunawa, kutogusa maiti, kuzika kwa usalama na heshima, kutoficha mgonjwa. Kabla mafunzo hayo hayajakaa vizuri, Machi 2020 yakaja mafunzo ya korona: barakoa, kuachana nafasi, kutopeana mikono. Mafunzo mawili yanayofanana, moja juu ya jingine. Mtu akiulizwa leo lipi lilikuwa la ugonjwa upi, ni rahisi kuchanganya. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ikatangazwa tena upande wa Butembo, mpaka tarehe 3 Mei 2021. Hapo kukumbuka sawasawa kulikuwa ni jambo la uhai na mauti. Basi yanayolinda roho za watu nayo yanataka marudio, kama sura tunavyozirudia.

WATOTO WETU NA MIZIGO YAO

Sasa mtazameni mtoto wa hapa kwetu. Nyumbani anasema Kinande. Sokoni na barabarani anasema Kiswahili. Shuleni asubuhi anafundishwa Kifaransa. Mchana anakuja madrasa, anakutana na Kiarabu. Anatoka kwenye herufi zinazoandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, anaingia kwenye herufi zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ametembea kwa miguu, pengine hajala, pengine amepita shambani kwanza. Halafu mwalimu anamuuliza aya za jana, na akikosa anapigwa.

Na wako watoto wenye mzigo mkubwa zaidi. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamezihamisha familia nyingi, na watoto wengi wamefika katika vijiji na miji yetu bila madaftari, na wengine bila wazazi. Mtoto asiyelala usiku kwa hofu amenyimwa kile hasa kinachokausha tofali, yaani usingizi. Katika Suratun Nabai, aya ya 9, ambayo watoto hawa hawa wanaihifadhi katika Juzuu Amma, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba usingizi ameufanya kuwa mapumziko. Mtoto aliyekosa mapumziko hayo, akasahau, je, anastahiki fimbo au anastahiki huruma?

Enyi walimu, jueni kwamba mtoto anayepigwa kwa kusahau hajifunzi kukumbuka. Anajifunza kuogopa. Kesho atakuja na hofu mbele na aya nyuma. Keshokutwa hatakuja kabisa, na mzazi atasema: mtoto wangu hana akili ya Qur'ani. Tumempoteza mtoto, na kosa la mpangilio lilikuwa letu.

NDUGU ZETU WALIOSILIMU KARIBUNI

Vile vile mtu mzima aliyeingia katika Uislamu. Wiki ya kwanza tunampa Fatiha. Kabla haijamkaa tunampa Tahiyatu. Kabla haijamkaa tunampa Swala ya Mtume inayofuata Tahiyatu, kisha Qunuti, kisha dua ya kuingia chooni na ya kutoka, kisha majina ya siku kwa Kiarabu. Kila anayekutana naye anamwongezea moja, kwa nia njema. Baada ya miezi miwili anasimama katika swala, Fatiha inaingia ndani ya Tahiyatu, anaona haya, anakaa safu ya mwisho, kisha hatumwoni tena.

Mtume (S.A.W.) alipomtuma Mu'adh (R.A.) kwenda Yemen alimpangia ngazi. Awalinganie kwanza kwenye shahada. Wakikubali hilo, awajulishe swala tano. Wakikubali hilo, awajulishe zaka. Kila ngazi ilingojewa ikanyagwe kwanza. Na yule mtu aliyemjia Mtume akasema hawezi kushika chochote katika Qur'ani, hakufukuzwa wala hakuchekwa. Alifundishwa maneno mafupi ya kumtukuza Mwenyezi Mungu, ayatumie. Na Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba anayeisoma Qur'ani kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi ndugu yetu anayebabaika, mwambieni kwamba yuko kwenye ujira, hayuko kwenye aibu.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Mtu anaweza kusema: vitabu vipo, simu zipo, Qur'ani iko ndani ya simu, kuna haja gani ya kusumbuka na kusahau? Tukumbuke. Baada ya kufa Mtume (S.A.W.), katika vita vya Yamama waliuawa wengi katika wasomaji wa Qur'ani. Umar (R.A.) akaingiwa na hofu, akamshauri Khalifa Abu Bakr (R.A.), naye akamwagiza Zaid bin Thabit (R.A.) aikusanye. Zaid aliikusanya kutoka kwenye vipande vilivyoandikwa na kutoka vifuani mwa watu. Vifua hivyo vilikuwa vimesomeshwa kwa utulivu, ndiyo sababu viliaminika.

Na sisi tunajua uchungu wa kuondokewa na wanaofundisha. Tarehe 1 Mei 2021, katika Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi na kuuawa msikitini Beni. Alikuwa akisema wazi dhidi ya wanaomwaga damu kwa jina la dini. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwanachuoni akiondoka, kinachobaki ni kile kilichokwisha kaa imara kwa wanafunzi wake. Kilichopitishwa haraka haraka kinaondoka pamoja naye. Kwa hiyo mwalimu anayesomesha aya tatu zikashika ameacha zaidi kuliko aliyesomesha mia zikapotea.

TUFANYE NINI?

Ndugu Waislamu, mawaidha bila kutenda ni kama mvua juu ya jiwe. Haya ni mambo tunayoweza kuyaanza wiki hii.

1. Tupunguze kipimo. Juzuu Amma ina sura 37 na aya 564. Mtoto akipewa aya tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, ataimaliza kwa wiki 38, haujatimia hata mwaka. Akipewa aya kumi kwa siku ataimaliza kabla ya miezi mitatu, lakini tumuulize baada ya mwezi mmoja kimebaki nini. Katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), amali anazozipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache.

2. Kikao kianze na somo la jana. Mwalimu asifungue somo jipya mpaka la jana limesomwa bila kusaidiwa. Kisha somo jipya. Na siku moja katika wiki pasiwe na kipya chochote, ni marudio tu ya karibuni na ya zamani.

3. Baada ya somo, kimya kidogo. Watoto wakimaliza kuhifadhi, wakae dakika kumi bila kelele na bila somo jingine. Wasiruke moja kwa moja kwenye fikihi, tarekhe na nasheed. Mzazi naye asimpe mtoto simu ya kuchezea pindi tu anapotoka madrasa.

4. Tutumie usingizi. Mtoto arudie aya zake baada ya Isha, kisha alale. Baada ya Alfajiri azirudie tena kabla ya kitu kingine. Na anayepata nafasi ya kulala kidogo mchana, hiyo ni kailula, nayo ni katika sunna.

5. Tuvitenganishe vinavyofanana. Sura mbili zinazokaribiana kwa maneno zisisomeshwe wiki moja. Ikibidi zikutane, mwalimu aeleze maana na tofauti.

6. Swala iwe marudio. Aya mpya isomwe katika sunna za kabla na baada ya faradhi. Mtu ana swala tano kila siku, basi ana nafasi tano za kukagua kamba za ngamia wake.

7. Kila aliyesilimu awe na mwalimu mmoja. Sisi wengine tumsalimu, tumkaribishe chakula, tumsaidie shida zake. Tusiwe kumi tunaomfundisha mambo kumi kwa wiki moja.

8. Fimbo kwa kusahau ikome. Aliyesahau arudishiwe somo, na mwalimu atazame mpangilio wake.

Wala asifahamu mtu kwamba tunakataza kujifunza mambo mapya. Uislamu ni dini ya elimu. Somo jipya likija kwa wakati wake, tena likiungana na lile la zamani, linalitia nguvu, kama tofali lililokauka linavyobeba jingine mpaka nyumba inasimama.

Nasema haya, na ninamuomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, nanyi na Waislamu wote. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, lipo neno la mwisho kwa wale waliokata tamaa. Yuko mzee aliyehifadhi sura nyingi utotoni, leo amebaki na chache. Yuko mama aliyeacha madrasa kwa kukimbia vita. Yuko kijana aliyekwenda kutafuta riziki akasahau. Msiseme: yote yamepotea, nitaanza sifuri. Mtaalamu Ebbinghaus huko Ujerumani, mwaka 1885, alionyesha kwamba kitu kilichohifadhiwa kisha kikasahaulika, kukihifadhi mara ya pili huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Maana yake, hata pale unapodhani hakuna kitu, kuna alama imebaki. Wengi wetu tumeliona hilo: unasikia mtu anasoma sura uliyoisahau, na ghafla ulimi wako unamfuata.

Imepokewa na Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimsikia mtu anasoma Qur'ani usiku msikitini, akamuombea rehema, kwa sababu alimkumbusha aya fulani. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alimshukuru aliyemkumbusha, nani kati yetu aone haya kukumbushwa? Basi tusomeane. Mume amsikilize mke, mke amsikilize mume, mtoto amsikilize babu yake. Jioni moja kwa wiki, kila nyumba, sura moja ya zamani.

Ewe Mola wetu, vithibitishe vifua vyetu juu ya yale uliyotufundisha. Wape walimu wetu subira, na watoto wetu usingizi wa amani. Warehemu wanavyuoni wetu waliouawa na wote waliokufa kwa maradhi na kwa vita katika nchi hii. Warudishe waliohama makwao wakiwa salama. Wape amani watu wa Kalunguta, wa Butembo, wa Beni na Kongo yote, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Tuzidishie elimu, na usiifanye elimu yetu ya kupita kama maji juu ya jiwe. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa swala, Mwenyezi Mungu akurehemuni. Na karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu, tafadhali isitupwe chini. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani yako ambaye hakuhudhuria.